Kabla Hujafungua Biblia: mwongozo wa kuandaa moyo usome kwa unyenyekevu

Kwetu Kilimanjaro maji ya mfereji huja kwa zamu. Ukijua zamu yako ni kesho alfajiri, leo jioni unashika jembe na kuifuata njia yote ya maji: unatoa majani ya mgomba yaliyooza, unazibua palipojaa tope, unaziba tundu alilochimba fuko. Usipofanya hivyo maji yatakuja vilevile, kwa muda uleule, lakini yataishia njiani au kwa jirani, nawe utabaki na migomba mikavu huku ukimlaumu mgawa maji.

Nimesoma Biblia hivyo kwa miaka mingi. Zamu ilifika kila asubuhi, maji yakapita, kihamba, yaani shamba la migomba la nyumbani, kikabaki kikavu. Nilikuwa mzee wa kanisa, nikipangiwa ibada za nyumba kwa nyumba, kwa hiyo karibu kila nilichosoma nilikisoma kwa ajili ya watu wengine. Nikikuta mstari mkali nilimjua mara moja wa kumpelekea. Nikikuta mstari mtamu nilibaki nao mimi.

Mwongozo huu umetokana na miaka hiyo. Unamfaa yeyote, ila zaidi umeandikwa kwa mtu aliyezoea Biblia: mhubiri, mwalimu wa shule ya Jumapili, mama wa maombi, kiongozi wa jumuiya, mwanakwaya aliyekariri Zaburi. Aliyeanza kusoma jana ana nafuu kubwa kutuzidi. Hajui, na anajua kwamba hajui.

Vifaa ni vichache: Biblia, daftari la kurasa chache, kalamu, na dakika kama 40. Biblia ya karatasi ni bora kuliko ya simu, kwa sababu karatasi haiingizi ujumbe wa kikundi cha harusi katikati ya Zaburi. Kama simu ndiyo uliyo nayo, zima data.

Hatua ya 1: Anza na mtu mliyekosana naye

Hii naiweka mbele ya sala makusudi, na najua wengi wangeiweka mwishoni au wasingeiweka kabisa. Yesu mwenyewe ndiye aliyeiweka mbele. Katika Mathayo 5:23-24 mtu amekwisha fika madhabahuni na sadaka mkononi, kisha anakumbuka. Anaambiwa aiache sadaka palepale, aende zake, apatane kwanza na ndugu yake, ndipo arudi aitoe.

Mstari huo niliufahamu kwa kichwa. Katika Biblia yangu ya zamani nimeupigia mstari mwekundu, na pembeni kuna mwandiko wangu: "nzuri kwa mahubiri ya Kwaresima". Siku nilipouandika mwandiko ule, misimu miwili ya mvua ilikuwa imepita bila mimi na kaka yangu kusemezana. Tuligombania mpaka wa kihamba, masale (mimea ya mpaka) matatu yaliyong'olewa na kupandwa upya hatua moja upande wa pili. Nani aliyeyahamisha, hilo tuliache. Nilihubiri upatanisho wiki ile, watu wakasema amina, nami nikarudi nyumbani kwa njia ya juu ili nisipite mbele ya mlango wake.

Nilipousoma tena baadaye, taratibu, niliona neno ambalo mstari mwekundu ulikuwa umelifunika. Haisemi "ukikumbuka kwamba una neno juu ya ndugu yako". Inasema "ndugu yako ana neno juu yako". Hesabu zangu dhidi ya kaka nilikuwa nazo zote, zimepangwa vizuri. Hesabu zake dhidi yangu sikuwahi kuzifungua.

Kwa mila zetu Wachaga, anayekwenda kuomba msamaha hubeba jani la isale, mmea uleule unaoweka mpaka, na si rahisi mtu kumkatalia aliyekuja nalo. Nililikata moja jioni. Yaliyosemwa mle ndani ni ya kwetu sisi wawili.

Namna ya kuifanya hatua hii: kabla hujafungua Biblia, andika katika daftari jina la mtu mmoja ambaye, kama angeingia mlangoni sasa hivi, ungejisikia vibaya. Usiandike sababu, maana sababu ndizo zinazotupa ushindi. Kisha jiulize yeye angesema nini juu yako, uandike hilo kwa maneno yake. Kama ni la kumalizika kwa simu, piga. Kama linahitaji safari, weka siku. Hulazimiki kusubiri mpaka limalizike ndipo usome, la sivyo wengi wetu tusingesoma mpaka tuzikwe, lakini usisome huku ukijifanya halipo.

Kuna wasiopaswa kuelekezwa njia hii bila uangalifu. Anayepigwa nyumbani haambiwi arudi kwa anayempiga kwa sababu ya mstari huu. Paulo anaacha nafasi katika Warumi 12:18 anaposema "kama yamkini, kwa upande wenu". Yako mambo ambayo upande wako ni kuacha kulipiza na kukaa mbali. Na kama mtu mwenyewe amekwisha fariki, liseme neno hilo mbele za Mungu kwa sauti, ukilitaja jina lake.

Hatua ya 2: Kaa kimya

Dakika tano zinatosha. Jirani zetu Waislamu hutia udhu kabla ya kushika msahafu, na mimi huwaonea wivu kidogo: mwili wao unaambiwa kwamba kuna jambo linaanza. Sisi Biblia tunaikuta chini ya kitenge kwenye kochi, tunaifungua huku tukitafuna muhogo. Wakatoliki wana ishara ndogo ya msalaba kwenye paji la uso, midomoni na kifuani kabla ya Injili kusomwa. Katika Nehemia 8:5 Ezra alipokifungua kitabu watu wote walisimama. Musa aliambiwa avue viatu. Chagua kitu kimoja cha kufanya na mwili wako, ukifanye kila siku. Mimi hunawa mikono, kisha naketi viganja vikiwa wazi magotini.

Mawazo yatakuja: ada ya shule, dawa ya ng'ombe, yule aliyekuudhi jana. Yaandike ukurasa wa nyuma wa daftari, yakusubiri huko.

Hatua ya 3: Omba kwa ufupi, kwa maneno ya waliotangulia

Sala ndefu kabla ya kusoma ina hatari yake. Mtu anaweza kumweleza Mungu mambo mengi mpaka, anapofika kwenye kusikiliza, amechoka. Biblia yenyewe ina sala fupi za kazi hii.

Ya kwanza ni Zaburi 119:18: "Unifumbue macho yangu niyatazame maajabu yatokayo katika sheria yako." Angalia kwamba anayeomba hivyo ndiye mtunzi wa zaburi ndefu kuliko zote, aya 176, karibu zote zinalisifu neno la Mungu. Hata yeye hayahesabu macho yake kuwa yamefumbuka.

Ya pili ni ile ya mtoza ushuru katika Luka 18:13, "Ee Mungu, uniwie radhi mimi mwenye dhambi." Hii haihitaji maelezo.

Ya tatu ni ya Samweli: "Nena, BWANA; kwa kuwa mtumishi wako anasikia." Tumeiimba tangu utotoni kama sala ya watoto wazuri, na ndiyo maana tunasahau kilichofuata. Soma 1 Samweli 3 mpaka mwisho. Neno alilopewa kijana yule usiku ule lilikuwa hukumu juu ya nyumba ya Eli, mzee aliyemlea na kumfundisha sala yenyewe. Alilala mpaka asubuhi akiogopa kulisema. Kwa hiyo ukisema "nena", sema ukijua kwamba hujaahidiwa kusikia linalokupendeza.

Hatua ya 4: Ungama unachotaka Biblia ikuambie

Hapa ndipo penye tope zito. Hakuna anayefika kwenye Maandiko mikono mitupu. Anayeumwa anataka ahadi ya uponyaji. Mwenye madeni anataka mstari wa baraka. Aliyekwisha amua kuoa anataka ishara ya ruhusa. Mwenye hasira na mchungaji anatafuta ole za manabii dhidi ya wachungaji, na zipo, atazipata. Kutaka si dhambi. Kinachoharibu ni kulificha hilo hitaji, maana lililofichwa ndilo linalosoma badala yako.

Andika basi sentensi moja katika daftari, kwa ukweli wote: "Leo ningependa Mungu aniambie kwamba..." Malizia. Usiipambe. Mimi nimewahi kuandika: "...kwamba shamba ni langu." Ukiisoma sentensi yako kwa sauti unaweza kucheka, na kicheko hicho kinasaidia.

Sasa chukua mfano ambao karibu kila nyumba ya Mkristo unao, umeandikwa kwenye kalenda, kwenye kanga au nyuma ya daladala: Yeremia 29:11. "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema BWANA, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya, kuwapa ninyi tumaini siku zenu za mwisho." Tuseme sentensi yako ya leo ilikuwa "ningependa Mungu aniambie kwamba mwaka huu nitapata kazi". Mstari huu utaudaka kama mtu anayedaka embe.

Ngoja kidogo. Rudi nyuma sura moja. Katika Yeremia 28 kuna nabii aitwaye Hanania aliyesimama hekaluni akatangaza kwamba nira ya mfalme wa Babeli imevunjwa, na kwamba katika muda wa miaka miwili mizima vyombo vya hekalu na mateka wote watarudi. Aliivunja hata nira ya mti iliyokuwa shingoni mwa Yeremia, mbele ya watu. Nadhani siku ile shangwe zilikuwa nyingi. Lilikuwa neno ambalo kila mtu alitaka kulisikia, na lilikuwa uongo. Sura ya 29 ni barua ya Yeremia kwa mateka walioko Babeli, na barua hiyo inawaambia wajenge nyumba huko, wapande bustani, waoe na kuozesha, wauombee amani mji uleule wa adui. Mstari wa 10, mmoja tu kabla ya ule wa kalenda, unataja miaka sabini.

Miaka sabini maana yake ni kwamba wengi walioisikia barua ile ikisomwa walizikwa Babeli. Ahadi ni ya kweli, ila iliwapita wao ikawaendea wajukuu. Mtu anayeusoma mstari wa 11 pamoja na ule wa 10 anapata tumaini la aina nyingine kabisa: linalomwezesha kupanda miti ambayo hatakula matunda yake. Sisemi uitoe kanga. Nasema ukiijua barua nzima, kanga yenyewe inakuwa nzito zaidi.

Na kama bado unaona kwamba kutaja mstari kunatosha, kumbuka kule jangwani. Katika Mathayo 4:6 Ibilisi alinukuu Zaburi ya 91, na hakukosea sana maneno. Aliinukuu kwa ajili ya kumtaka Yesu ajitupe kutoka kinara cha hekalu.

Baada ya kuandika sentensi yako, piga mstari chini yake uandike: "Nitakubali kama leo hutasema hili." Siku ambazo mkono unakataa kuandika hivyo, andika kwamba umekataa.

Hatua ya 5: Soma polepole, kwa sauti, na usome kifungu kizima

Filipo alijuaje kwamba yule towashi wa Kushi anasoma Isaya? Alimsikia. Matendo 8:30 inasema hivyo: alipiga mbio akamsikia anasoma. Macho yaliyozoea huruka maneno, lakini mdomo hauwezi kuruka bila sikio kujua. Soma kwa sauti ya kujisikia mwenyewe. Soma sura nzima au hadithi nzima, kisha rudi usome mara ya pili.

Wengi wetu tunatumia Biblia ya Union Version ya mwaka 1952, na Kiswahili chake kina maneno ambayo tunadhani tunayaelewa kwa sababu tumeyasikia sana. Filipo anamuuliza towashi, "Je! Yamekuelea haya unayosoma?" Kuelea hapo si kwa mtumbwi, ni kuwa wazi akilini. Katika Wagalatia 5:23 "kiasi" si kipimo cha unga, ni kujitawala. "Waliojikinai" katika Luka 18:9 ni watu walioridhika na nafsi zao. BWANA ikiandikwa kwa herufi kubwa zote inasimama mahali pa jina la Mungu la Kiebrania, lile la herufi nne. Ukikutana na neno la namna hiyo, lizungushie duara, usilipite kwa heshima ya mazoea. Kisha linganisha na tafsiri nyingine, kwa mfano Habari Njema, au na Biblia ya lugha ya nyumbani kwenu kama ipo. Bibi yangu alikuwa akisikia somo kwa Kiswahili anatikisa kichwa, akisomewa kwa Kichaga analia. Maneno ni yaleyale.

Na hiyo Biblia uliyoishika haikushuka kutoka juu ikiwa na zipu. Mwaka 1844 mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa; mke wake na mtoto wao mchanga walifariki miezi michache tu baada ya kufika, naye mwaka huohuo alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa msaada wa kadhi wa Kiislamu. Askofu Edward Steere wa Zanzibar, aliyekuwa akitafsiri kwa Kiunguja, alifariki mwaka 1882 Biblia nzima ikiwa haijakamilika. Ile ya 1952 ikaitwa ya muungano kwa kuwa iliunganisha wasomaji wa tafsiri ya Kimombasa na wa ile ya Kiunguja. Mtu aliyefanya haraka na maneno yaliyogharimu hivyo, mimi namwona kama mgeni anayekula bila kumsalimu mpishi.

Hatua ya 6: Chunguza jina linalokujia kichwani

Sasa twende Luka 18:9-14, na tuisome pamoja. Watu wawili wanapanda hekaluni kusali. Farisayo anasimama na kushukuru kwamba yeye si kama watu wengine. Anafunga mara mbili kwa juma. Torati iliagiza mfungo wa siku moja tu kwa mwaka, Siku ya Upatanisho, kwa hiyo huyu amezidisha kwa hiari. Anatoa zaka ya mapato yote. Huyu ni mtu ambaye usharika wowote ungemfanya mweka hazina. Mtoza ushuru anasimama mbali, hainui macho, anajipiga kifua. Naye si maskini mwema wa hadithini. Watoza ushuru walikusanya kwa ajili ya Rumi, na Yohana Mbatizaji alipowaambia wasitoze zaidi ya walivyoamriwa (Luka 3:13), bila shaka alikuwa na sababu.

Umesoma. Nani amekujia kichwani? Usiseme hakuna. Ulipofika kwa Farisayo kuna sura ya mtu ilipita: yule shemasi, yule mama wa vikao, yule ndugu anayeweka sadaka yake kwenye bahasha kubwa ili ionekane. Na papo hapo moyo ukasema, kimyakimya, "Ee Mungu, nakushukuru kwa kuwa mimi si kama Farisayo huyu."

Ndiyo hivyo, umeingia. Mtego wa hadithi hii uko kwa msomaji, na mimi nimenaswa humo mara nyingi kuliko ninavyopenda kuhesabu, mara moja nikiwa nimesimama mimbarini.

Kwa hiyo hatua yenyewe ni hii. Kila jina la mtu mwingine linalokuja wakati wa kusoma, liandike katika daftari. Usilifukuze, maana likifukuzwa hurudi kwa mlango wa uani. Liandike, kisha lipige mstari, na juu yake uandike jina lako. Halafu soma tena kile kifungu. Nathani alimfanyia Daudi jambo lilelile katika 2 Samweli 12. Alimsimulia habari ya tajiri aliyemchukua mwana-kondoo mmoja wa maskini, akamwacha Daudi akasirike, akamwacha hata atoe hukumu, ndipo akasema, "Wewe ndiwe mtu huyo." Hasira ya Daudi ilikuwa ya haki kabisa. Ilikuwa imekosea anwani tu.

Onyo kwa wenye dhamiri nyepesi, maana wapo, na wengi wao ni kina mama ninaowafahamu: si kila ole katika Biblia ni yako. Kuna watu ambao wakisoma habari za faraja huzigawa zote kwa wengine, na wakisoma hukumu hubaki nazo zote. Huo nao ni uchaguzi wa kusoma tunachokitarajia. Kama wewe ni wa namna hiyo, hatua hii igeuze: unaposoma neno la rehema na kufikiria, "hili lingemfaa fulani," futa jina la fulani uandike lako.

Hatua ya 7: Usipoelewa, sema hujaelewa

Towashi alikuwa mtu mkubwa, mwenye mamlaka juu ya hazina yote ya malkia Kandake, ndani ya gari lake. Mtembea kwa miguu asiyemjua anamuuliza kama anaelewa. Jibu lake: "Nitawezaje kuelewa, mtu asiponiongoza?" Akamsihi apande, aketi pamoja naye. Sidhani kama kuna mstari mwingine unaonyesha unyenyekevu wa msomaji waziwazi namna hii.

Tenga ukurasa mmoja wa daftari, uupe kichwa "Sielewi". Andika kifungu na swali, pamoja na tarehe. Baada ya miezi utaona mengine yamejijibu, mengine yamekua. Wangu una swali la Waamuzi 11, binti Yeftha, ambalo limekaa humo miaka mingi na sina haraka nalo. Kulaza swali ni bora kuliko kulipachika jibu la kulinyamazisha.

Lakini unyenyekevu hauna maana ya kumeza kila anachosema mwenye kipaza sauti. Waberoya katika Matendo 17:11 wanasifiwa kwa mambo mawili kwa pamoja: walilipokea neno "kwa uelekevu wa moyo", na waliyachunguza maandiko kila siku waone kama mambo hayo ndivyo yalivyo. Aliyekuwa akichunguzwa ni Paulo. Kama mtume alikaguliwa na hakukasirika, nabii wa televisheni anayekataza maswali ana la kujieleza.

Njia ya uhakika ya kupata mtu wa kukaa naye garini ni kusoma pamoja na wengine, wachache. Mwaka 1929 daktari Mwingereza Joe Church, aliyekuwa akifanya kazi hospitali ya Gahini nchini Rwanda, alikutana Namirembe, Kampala, na Mganda Simeoni Nsibambi. Wakakaa pamoja wakisoma Biblia na kuomba, mzungu na mwafrika, katika siku ambazo haikuwa kawaida wawili hao kuketi sawasawa. Uamsho wa Afrika Mashariki ulioenea miaka ya 1930 una mizizi katika urafiki ule, na jambo moja uliloliacha ni ile desturi ya kutembea nuruni: kusema makosa yako mbele ya ndugu, kwa majina yake halisi, kabla ya kuwahubiri wengine. Wazee wa uamsho niliowakuta walikuwa wakali kupita kiasi katika mambo mengine, tuseme ukweli. Ila kwenye kusoma hawakuwahi kuniruhusu kuanza na "watu siku hizi". Walinikata: "Anza na wewe."

Kwenye kikundi chenu jaribuni utaratibu mmoja tu. Baada ya kusoma, wa kwanza kusema awe yule ambaye kwa kawaida husema mwisho, na aliyesomea theolojia awe wa mwisho.

Hatua ya 8: Jambo moja kabla ya jua kuzama

Yakobo anamfananisha msikiaji asiyetenda na mtu aliyejitazama uso kwenye kioo, akaenda zake, mara akasahau alivyo. Chini ya ukurasa wa leo andika jambo moja la kufanya leo. Liwe dogo hata lionekane la aibu: kumrudishia mtu panga lake, kumwambia mwanao kwamba jana ulimfokea bila sababu, kukaa kimya kikaoni. Usiandike "kuwa mnyenyekevu". Hilo halifanyiki kabla ya saa kumi na mbili jioni.

Kuna siku utafuata hatua zote na hakuna kitakachotokea. Utasoma orodha ya majina katika Mambo ya Nyakati, utafunga kitabu, utaenda kukata majani ya ng'ombe. Ni siku ya kawaida. Zamu ilikuwa yako na mfereji ulikuwa safi.

Na kama umesoma Biblia nzima mara nne na unajiona umefika, angalia 2 Timotheo 4. Paulo yuko kifungoni, anajua wakati wake wa kufariki umefika, na anamwagiza Timotheo amletee joho aliloliacha Troa kwa Karpo, na vitabu, hasa vile vya ngozi. Mzee aliyekwisha kuandika nyaraka tunazozisoma mpaka leo bado alikuwa anataka kusoma. Hilo joho nalo nimelichukulia kama agizo. Mwezi wa Julai alfajiri huku mlimani ni baridi ya kweli, kwa hiyo blanketi langu huliacha kwenye kiti tangu jioni, pamoja na daftari.